Jasho la Bi Mkubwa

Kiwanda cha sabuni kilikuwa na maboila mawili ya mvuke, na yote mawili yalikuwa na majina. La zamani, lililokuwapo hata kabla ukuta wa kiwanda haujapakwa rangi ya kwanza, liliitwa Bi Mkubwa. La pili, ambalo upya wake nao ulikuwa umebaki hadithi, liliitwa Bi Mdogo. Aliyeyapa majina hayo ni Mjomba, mwendesha boila, mtu mwembamba ambaye kope zake ziliungua zamani zikakata tamaa ya kuota. Kila asubuhi alipiga hodi kwenye mlango wa chumba cha boila kabla ya kuingia, ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na ndani hamkuwa na mtu.

Jioni, mkewe alimpokea mlangoni kwa swali ambalo majirani walishalizoea.

"Wake wenzangu hawajambo?"

"Mkubwa kaamka amenuna. Mdogo hana neno."

"Na mimi je, umeniona?"

"Wewe ndiye unayenipikia. Wale nawapikia mimi."

Kiwanda kizima kilimwita Mjomba, lakini mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, fundi wa kike wa karakana, mtoto wa marehemu dada yake. Mjomba na mkewe walimchukua akiwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, wakamlea, wakamwoza, na alipotaka ufundi ni Mjomba aliyekwenda kumwombea kazi huku kofia ameishika mkononi. Wenzake karakanani walimwita Darasa, kwa sababu akitoka kazini hakwenda nyumbani, alikwenda darasa la jioni. Hata alipojifungua hakuacha. Alirudi darasani na mtoto mgongoni, akawa anaandika kwa mkono mmoja, mwingine unapigapiga matako ya mtoto ili alale.

Chumba cha boila kilikuwa na sheria zake, na sheria moja ilizidi zote: humo ndani hukutamka neno "ufa". Fundi umeme mmoja, mgeni, aliwahi kusema ameona ufa ukutani, ukutani tu, kwenye plasta. Mjomba alimtoa nje, akamwambia azunguke jengo zima kisha apige hodi upya.

"Hilo neno hatulitaji mbele yao," alimwambia. "Wanasikia."

Watu walicheka, lakini walitii, na miaka ilivyokwenda hakuna aliyekumbuka kwamba jambo lile lilianza kama mzaha.

Badala yake walisema jasho. Wala jasho halikuwa neno la kuokota. Chuma cha boila kikishashika moto, tone la maji halikai juu yake; litakauka kabla hujalinyooshea kidole. Lakini maji ya boila yana chumvichumvi, na yakipenya kutoka ndani mahali pasipostahili, yanapokauka huacha mchirizi mweupe, kama ule unaobaki mgongoni mwa shati la mtu aliyeshinda juani. Mjomba akiuona mchirizi huo hunyamaza kwanza. Kisha husema, "Anatoka jasho," na kila aliyemo humo hujua kwamba chuma kimeanza kufunguka, na kwamba nyuma ya chuma hicho kuna mvuke unaotafuta njia. Darasa alilisikia neno hilo tangu enzi za kupeleka chakula kazini kwa Mjomba, miguu yake ikiwa bado haifiki chini akikaa kwenye benchi. Katika maneno yote aliyoyajua, hakuna lililomtisha kama hilo.

Siku moja Bi Mkubwa alizimwa ili aoshwe tumbo. Alipopoa, Darasa aliingia kupitia mdomo wa tanuri, akatambaa kwa viwiko, tochi mkono mmoja na kioo kidogo cha kujitazamia mkono wa pili. Pale ambapo bamba la mbele linaungana na bomba la tanuri, aliona mchirizi mweupe. Akaufuata kwa kioo. Ulimfikisha kwenye mstari mwembamba kama unywele, uliopinda kufuata maungio na kupotelea gizani. Akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukanasa.

Alitoka na masizi mpaka masikioni.

"Anatoka jasho, Mjomba."

"Jingi?"

"Jingi. Na si la jana wala juzi."

Mjomba alilitazama bamba la mbele. Mbele ya bamba hilo, hatua chache tu, kulikuwa na kigoda chake, kimechongwa kikalingana na mwili wake. Hapo ndipo alipokaa kutwa nzima akiangalia geji ya presha.

"Nipake mafuta ya taa nifute, halafu nipake chaki," Darasa akasema. "Tumefundishwa. Mafuta yaliyoingia ndani yatatoka kwenye chaki, mstari wote utaonekana, nipige picha nzuri niwapelekee wakubwa."

"Usimchore."

"Mjomba."

"Ukishamchora umeshalitaja. Piga picha hivyohivyo. Nenda ukawaeleze, wewe umesoma na mdomo unao. Mimi nikisema wataniona mzee anayetafuta mapumziko."

Picha aliyoipiga kwa simu ilikuwa giza juu ya giza. Meneja wa uzalishaji aliitazama, akaigeuza huku na huku, akakubali tu kumpa nafasi kwenye kikao cha menejimenti, baada ya Bwana Masoko, mkuu wa mauzo, kumaliza taarifa yake. Bi Mkubwa akawashwa tena, maana mapipa ya sabuni yalikuwa yanangoja mvuke, na Mjomba akarudi kigodani.

Basi Darasa akawa na siku chache za kujiandaa, na shabaha yake ilikuwa moja: wakubwa watoke kwenye kile chumba wamekubali kumzima Bi Mkubwa mpaka bamba libadilishwe. Asipoweza, Mjomba angeendelea kukaa pale.

Darasani walikuwa na somo la mawasiliano, na mwalimu wake, mama mmoja mchangamfu asiyekaa kitini, alimsaidia kwa moyo wote. Alimwambia wakubwa wamechoka kabla hujaanza kusema, kwa hiyo usiwamwagie takwimu. Kila slaidi iwe na jambo moja. Tumia maneno ya kila siku, yale mnayoyatumia wenyewe kazini, usijifanye kamusi. Anza na mtu, si na mtambo. Na kama unaweza kuwafanya wacheke, wamekuwa wako. Darasa aliyaamini yote, na kwa kweli hakuna kati ya hayo lililokuwa uongo.

Nyumbani aliiweka kompyuta ya kuazima juu ya meza ya chakula, akamkalisha mtoto kwenye beseni la nguo lililojaa mito awe mkurugenzi. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole, mwenye mkono wa kuchora. Vichwa vyote vilivyochorwa kwenye ukuta wa kibanda chake cha kunyolea vilikuwa vyake.

"Sema kama unavyosema na sisi," alimwambia. "Mimi watu nawajua kwenye kioo. Ukiwaletea maneno mazito, macho yanafumba hata wembe uko shingoni."

Darasa akasema. Alipofika kwenye picha ya giza, mumewe akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Hapa naangalia nini?"

"Mstari. Huu hapa."

"Mke wangu, mimi naona usiku."

"Ndiyo jasho lenyewe linapotoka."

"Basi tuwachoree hilo jasho." Akachukua kalamu ya mtoto. Alichora mwanamke mnene, mashavu kama maandazi, kitambaa kichwani, geji ya presha imekaa kifuani kama kidani, anajipangusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Matone yalimruka pande zote. Mtoto alipoonyeshwa alicheka mpaka akapinduka na beseni lake, na Darasa akacheka, na mumewe akajisikia mtu wa maana.

Wakaitoa picha ya giza, wakamweka mwanamke.

Kuna kitu kilimgusa Darasa moyoni alipobonyeza kuifuta ile picha, lakini alikipa jina la woga wa kusimama mbele za watu. Akarudia tena yote tangu mwanzo, huku akimlisha mtoto, mpaka yakatoka bila kuangalia popote.

Chumba cha mikutano kilikuwa baridi kama jokofu. Meza ndefu, chupa za maji, pazia lililofungwa nusu ili mwanga wa projekta uonekane. Mkurugenzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikaa mwisho wa meza akiwa amejifunika shuka begani kwa sababu ya kile kiyoyozi. Bwana Masoko alikuwa amesimama mbele ya slaidi yenye safu za tarakimu ndogo kama chawa, akizisoma moja moja. Meneja wa uzalishaji alikuwa amefumba macho katika ile hali ambayo mtu akiguswa atasema alikuwa anatafakari.

Zamu ya Darasa ilipofika, alisimama mbele ya projekta.

"Shikamooni. Kuna mtu hapa kiwandani anafika kabla yetu sote," alianza, "na kabla ya kuingia hupiga hodi."

Wakainua vichwa. Akawaeleza habari za Mjomba na wake zake wawili wa chuma. Akawaeleza mvuke unavyotoka kwa Bi Mkubwa, unavyopita kwenye mabomba, unavyochemsha mafuta hadi yawe sabuni iliyoko kwenye bafu la kila mmoja wao. Hakuangalia karatasi. Sauti yake, aliyokuwa akiihofia, ilikwenda kama maji mferejini. Meneja alifungua macho akabaki hivyo. Darasa akabonyeza, na yule mwanamke mnene akajaa ukutani na matone yake.

"Tulipomkagua wiki hii," akasema, "tumekuta Bi Mkubwa anatoka jasho."

Alilisema polepole, jinsi Mjomba anavyolisema, kisha akanyamaza ili liwaingie.

"Basi huyo ndiye mfanyakazi bora," Bwana Masoko akasema. "Katika meza hii yote hakuna anayetoka jasho, ukiniacha mimi niliyekuwa nasimama hapo mbele."

Chumba kikacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliokuwa wamechoka wakapata kupumzika. Mkurugenzi alicheka mpaka akajipangusa jicho kwa ncha ya shuka. Na Darasa naye akacheka, kidogo, kwa adabu. Alikumbuka alivyoambiwa: wakicheka wamekuwa wako.

Mkurugenzi ndiye aliyerudisha utulivu. "Kwa hiyo unatushauri nini, mwanangu?"

"Azimwe, Mama. Azimwe bamba libadilishwe."

"Tuna oda ya hospitali," Meneja akasema. "Bi Mdogo peke yake hawezi kuibeba."

"Oda ikishatoka je? Tunamzima, anatengenezwa kwa nafasi." Mkurugenzi akamgeukia Darasa kwa upole. "Atavumilia mpaka hapo?"

Darasa akatafuta neno. Alitafuta lile kubwa kuliko yote, ambalo mtu akilisikia hawezi kukaa kitini. Akalipata, na alilisema kwa moyo wake wote.

"Mama, anatoka jasho jingi."

"Nimekuelewa. Jingi." Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa juu ya mgonjwa wa homa. "Basi oda ikitoka tu, Bi Mkubwa apumzike. Imepita hiyo. Na Bwana Masoko, ukajifunze kwa huyu binti namna ya kuzungumza na watu."

Wakapiga makofi.

Darasa aliteremka ngazi huku miguu haigusi chini. Hakupata alichokitaka chote, lakini walisikia, walikubali, waliahidi, na walimpigia makofi. Mjomba alimngoja kwenye mlango wa chumba cha boila, mikono ameipangusa nusunusu kwa ajili yake.

"Enhe?"

"Wamekubali. Oda ya hospitali ikitoka, anazimwa. Mjomba, hawakusinzia hata mmoja. Walicheka, walipiga makofi."

Uso wa Mjomba ulifunguka. Akamshika mabega yote mawili, akamwachia alama za masizi kwenye blauzi ya kikao. "Sikukwambia? Mdomo unao." Kisha akasema, bado anatabasamu, "Walicheka wapi?"

"Kwenye jasho. Bwana Masoko alisema Bi Mkubwa ndiye mfanyakazi bora."

Tabasamu la Mjomba lilibaki pale lilipokuwa, lakini kilichokuwa nyuma yake kiliondoka.

"Kwenye jasho," akasema.

"Ndiyo."

"Wakacheka."

Nyuma yake Bi Mkubwa alikuwa ananguruma taratibu, kama mtu mzima anayeota. Mjomba alifungua mdomo, na Darasa akamwona akiangalia bamba, kisha sakafu, kisha akaufunga.

"Haidhuru," akasema. "Oda yenyewe si ndefu."

Darasa angeweza kupanda ngazi zile tena siku ile ile. Aliliwaza hilo akiwa amesimama pale na alama za masizi mabegani. Lakini apande akaseme nini? Neno alikuwa ameshalisema, mara mbili, na lingine hakuwa nalo. Lile lingine halikuwa mdomoni mwake. Lilikuwa limekaa mahali ambapo watu waliomlea waliliweka, na mlango wamefunga.

Oda ilikuwa bado haijatoka.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa chai. Msaidizi wa Mjomba alikuwa amekwenda kuchukua vikombe. Darasa alikuwa karakanani, ameinama kwenye mashine ya kukerezea, aliposikia sauti ambayo haikuwa mlipuko. Ilikuwa kama mtu anaunyamazisha mji mzima, shhh, ndefu, isiyovuta pumzi. Halafu ving'ora vya hatari. Halafu mlango wa chumba cha boila ulifunguka wenyewe na wingu jeupe likatoka nje, likasimama uani kwenye jua.

Bamba lilikuwa limefunguka pale pale kwenye maungio, kufuata ule mstari, kama mfuko wa unga uliovutwa uzi. Kigoda kilikuwa kimefika ukuta wa pili.

Hospitali walimfunga Mjomba bendeji kiasi cha kubaki jicho moja na mdomo. Mkewe alikaa upande wa dirisha, akimpepea kwa jalada la daftari la watoto. Alipoona Darasa ameingia na mtoto, alisogeza kiti, akasema kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kila siku, "Mwone mjomba wako, kapigwa na mke mwenzangu. Miaka yote namwambia yule mwanamke ana wivu."

Mjomba alitikisika kidogo. Alikuwa anacheka, na kicheko kilimuuma. Alingoja maumivu yamwachie.

"Darasa. Mdogo yuko na nani?"

"Msaidizi wako. Kiwanda kinafanya kazi na Bi Mdogo peke yake. Wamempandisha presha ili oda itoke."

Jicho lile moja lilifumba. Mkaza mjomba akaacha kupepea.

"Sogea," Mjomba akasema.

Darasa akainama, mtoto mgongoni akainama naye.

"Ana ufa."

Alidhani hakusikia vizuri. Tangu azaliwe hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kwenye mdomo ule, na sasa lilipotoka lilikuwa dogo, kavu, kama kokoto.

"Bi Mdogo?"

"Mahali pale pale. Niliuona zamani kidogo. Sikutaka kulitaja." Akapumzika. "Tulilizoea vibaya hilo neno, mwanangu. Tulilifanya mkwe asiyetajwa jina."

Hakusema tena jambo la kazi. Aliulizia kama mtoto ameota meno, akaambiwa mawili, akaomba kuonyeshwa. Darasa akamgeuza mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole, na Mjomba akayatazama meno yale kwa muda mrefu kwa lile jicho lake. Kulipopambazuka alikuwa amefariki.

Kiwanda kilifungwa siku ya mazishi, Bi Mdogo akazimwa ili watu wote waende. Mkurugenzi alifika, alikaa chini mkekani na wanawake wengine, na watu walipopungua alimvuta Darasa pembeni.

"Nimekuwa nikijiuliza kila siku," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Mwanangu, si ulituambia ni jasho? Mimi nilijua ni kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Mpaka nikafikiri, maskini, kumbe joto la kule chini ni kali. Ulikuwa na maana nyingine?"

Darasa alimtazama. Hakuona mtu mbaya. Aliona mtu aliyesikiliza kila neno alilopewa.

"Nilikuwa na maana nyingine, Mama."

"Ungesema basi."

Yule mwanamke mnene aliyechorwa kwa kalamu ya mtoto bado alikuwa ndani ya kompyuta, anajipangusa. Mumewe, kule karibu na mlango, alikuwa anagawa maji kwa wageni na hakuwa amemtazama mkewe usoni tangu siku ya wingu lile. Wote wawili walijua, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia mwenzake si kosa lako.

"Mama," Darasa akasema, "kesho kabla Bi Mdogo hajawashwa, naomba menejimenti ije tena inisikilize. Lakini si juu. Mje chumba cha boila. Sitaki projekta."

Walikuja. Walisimama wamebanana kati ya ukuta uliopasuka na tumbo la Bi Mdogo, suruali zao za ofisini zimekunjwa kukwepa matope. Upande wa pili walisimama watu wa boila, msaidizi wa Mjomba mbele yao. Harufu ya chuma kilicholowa ilikuwa bado haijaisha. Bwana Masoko alikuwa ameshika kofia yake kifuani na hakuonekana mtu mwenye utani.

Darasa hakusimulia kisa. Alimshusha mtoto mgongoni akampa mumewe, aliyekuwa amefunga kibanda chake asubuhi ile ili amsindikize. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akalipaka bamba la mbele la Bi Mdogo kwenye maungio, akangoja, akalifuta mpaka likawa kavu. Kisha akachukua chaki iliyosagwa, akaipaka yote, eneo zima likawa jeupe kama ukuta mpya.

"Hakuna kitu," Meneja akasema kwa sauti ndogo.

"Tusubiri."

Wakasubiri. Mtu alikohoa. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea kwenye weupe ule, baba yake akaurudisha. Halafu, kwenye pembe moja ya chaki, kikatokea kidoa cheusi kama ncha ya sindano, na kingine karibu yake, na vikaanza kutafutana. Hakuna aliyekuwa akivisukuma. Mstari ulijichora wenyewe taratibu, ukapinda kufuata maungio, ukaendelea, ukaendelea, na kila walipodhani umefika mwisho ulikuwa bado unakwenda. Mkurugenzi alirudi nyuma akamkanyaga Bwana Masoko.

Darasa aliweka kidole pembeni ya mstari. Alihisi watu wa boila nyuma yake wameshika pumzi, maana walijua linalokuja. Msaidizi wa Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huu ni ufa," akasema. Akalirudia. "Ni ufa. Chuma kimepasuka. Wa Bi Mkubwa ulikuwa hivihivi, mahali hapahapa, na mimi niliuona kwa macho yangu nikawaambieni ni jasho. Akiwashwa leo, huyu atafunguka. Siwezi kusema siku gani. Atakayekaa hapa," akaonyesha mahali pa kigoda, pakavu, pasipo kitu, "atakufa."

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyepiga makofi. Meneja alitaka kusema jambo juu ya oda, midomo ilisogea, kisha akautazama ukuta wa pili akaacha.

"Kuna swali?" Darasa akauliza, kama alivyofundishwa.

"Nani ana funguo za humu?" Mkurugenzi akasema.

Msaidizi wa Mjomba akazitoa. Mkurugenzi alizipokea, akasubiri watu wote watoke, akafunga mlango mwenyewe na kuzitia kwenye mkoba wake. Walipokuwa wakiondoka, Darasa alisikia nyuma yake kitu alichokisahau kwa siku zote hizo. Kiwanda kilikuwa kimya kabisa. Mabomba hayakuwa na mvuke, mapipa hayakuchemka, na ndege walikuwa juu ya paa la mabati, kucha zao zinasikika.

Mumewe alitembea kando yake mpaka getini.

"Ile picha ya usiku," alisema, akiangalia mbele. "Ningekuuliza tena. Ningekuuliza ni nini."

"Ningekujibu jasho."

Akauhamishia mkono wake mgongoni mwa mkewe, wakatembea hivyo.

Jioni alikwenda kwa mkaza mjomba. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa ukiachwa wazi kila siku saa za mtu kutoka kazini, na yule mama alikuwa amekaa kizingitini bila kazi mikononi. Alimwona Darasa akija na mtoto. Midomo yake ilianza lile swali la siku zote, ikashindwa katikati, ikaanza upya.

"Mke mwenzangu hajambo?"

"Amezimwa, Mama. Leo asubuhi. Mlango umefungwa, hakuna anayekaa mbele yake."

Mkaza mjomba aliliwaza hilo. Akavuta upindo wa nguo yake kando, akatengeneza nafasi pale kizingitini.

"Nipe huyo mtoto," akasema. "Na mimi nionyeshwe hayo meno."